Toa Majibu Yote

Mimi ni msusi. Nasuka nywele mbele ya nyumba yetu hapa Kindu, upande wa reli, na msusi ana bahati moja ambayo watu hawaifikirii: anasoma kila kitu ambacho mteja anasoma. Mteja amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kiko kati ya magoti yangu, simu iko mapajani pake, na mimi niko juu yake kama wingu. Nimesoma barua za mapenzi za nusu ya mji huu. Najua nani anamdanganya nani kule Alunguli, ng'ambo ya mto, na nani anamsubiri mtu aliyekwenda kuchimba dhahabu kule mji wa Kama na ambaye hatarudi. Siri hizo zote ziko salama, kwa sababu vidole vikishaanza kusuka, mimi huwa nimeondoka. Naota. Mistari ya nywele inakuwa njia, njia zinaingia msituni, na mimi napita humo nimevaa viatu vyeupe ambavyo sina.

Siku moja alikuja msichana anayesomea ualimu, mwenye nywele nyingi, nzito, kazi ya tangu asubuhi mpaka jua lipinde. Kwenye simu yake hakukuwa na mapenzi. Kulikuwa na ukuta wa matofali sita: matatu chini, mawili katikati, moja juu. Kila tofali lilibeba jumla ya yale mawili yaliyo chini yake. Juu kabisa paliandikwa arobaini. Chini, kushoto kulikuwa na tisa, kulia kumi na moja, na tofali la kati lilikuwa tupu. Msichana alijaribu saba, akafuta. Akajaribu kumi na mbili, akafuta. Mimi kule juu nilikuwa naziona zile namba zikipanda kama watu wanaopanda mlima, na yule wa kati nilimwona anapanda mara mbili, mara moja kwa njia ya kushoto, mara moja kwa njia ya kulia.

"Tia kumi," nikasema.

Akataka kugeuka, nikamshika kichwa.

"Tulia, utanipindisha mustari."

"Umejuaje?"

"Ule wa katikati anahesabiwa mara mbili. Arobaini, toa tisa, toa kumi na moja, inabaki makumi mbili. Nusu yake ni kumi."

Akaandika kumi, na ukuta mzima ukageuka kijani.

"Dada," akasema polepole, "ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka pale shule iliponichoka."

Akacheka mpaka mabega yakatikisika, na mustari ukapinda kweli. Halafu akanieleza. Ule ni ukurasa wa bure kwenye intaneti. Kuna watu huko mbali ambao kazi yao ni kutunga maswali ya hesabu na kuyaweka pale, ya watoto wadogo na ya wakubwa, na kwa kila swali kuna sehemu ya mwalimu inayomweleza namna ya kuliuliza darasani. Jibu hawakupi haraka. Wanakupa kwanza neno dogo la kukusukuma, kama mtu anayemsaidia mwenzake kupandisha baiskeli yenye mzigo. Na watoto wa kila nchi wanatuma njia walizopita, zinawekwa pale ili wengine wazione.

Nilimaliza kichwa chake nikiwa siko duniani. Niliona watoto wa kila nchi wamekaa kwenye ukuta mmoja mrefu wa matofali, wananing'iniza miguu, kila mmoja ana namba yake mkononi. Kisha nikamfikiria Yaya.

Yaya ni dada yangu mkubwa, ananizidi miaka saba, nami naishi kwake. Vita vilipofika Kindu yeye alikuwa darasa la sita. Walikuwa wamemaliza jumlisha, toa, zidisha, gawa, wamemaliza vipimo na sehemu. Ijumaa moja mwalimu wao aliandika ubaoni neno moja kubwa, problemu, yaani yale mahesabu yenye hadithi ndani yake, akawaambia, "Hii tutaanza Jumatatu." Jumatatu ikakuta watu wako njiani, magodoro vichwani. Yaya akisimulia huishia hapo, anasema tu, "Na kweli tulianza."

Madawati ya shule yakawa kuni za askari. Sisi tulikaa msituni, kwenye shamba la jamaa, tukila muhogo bila chumvi. Mimi nilikuwa na miaka mitano na mdomo usiolala, na wakubwa walikataza kelele. Basi Yaya akabuni shule ya kimya. Alishika mkono wangu, akagonga kiganjani kwa kidole chake mara tatu, akapumzika, akagonga mara nne. Mimi nikamgongea saba. Nikikosea, ananifinya kidogo. Nikipata, ananipulizia kiganja. Wengine wanakumbuka miaka ile kwa milio yake. Mimi, Mungu anisamehe, nakumbuka ile pumzi kiganjani, na majani makubwa yakidondosha maji baada ya mvua, na mimi nikihesabu matone mpaka namba zangu zinaisha, halafu naanza tena moja kwa sababu sikujua kama nyuma ya mia kuna kitu.

Baadaye watu walirudi mjini, na Yaya akasoma mbiombio kama wote wa rika lake, akiruka huku na huku, mpaka akawa mwalimu. Lakini ile sura ya Jumatatu haikufunguliwa kamwe. Miaka mingi alifundisha darasa la kwanza, na kila mwaka aliomba la sita. Hakunieleza sababu na mimi sikuuliza. Ndilo darasa alilonyang'anywa. Siku alipopewa, alienda kushona rinda jipya la buluu, na wiki nzima alitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani bila kushika.

Zile kazi nne za hesabu, watoto wake wanazifanya kama mvua inavyonyesha. Lakini kwenye problemu Yaya alikuwa na mwendo wake wa pembeni. Aliwapa problemu pamoja na jibu lake, wakaikariri, wakasonga mbele. Hakuwahi kuuliza darasani swali ambalo jibu lake halikuwa limeshaandikwa kwenye daftari lake. "Mwalimu akiuliza kintu hajui," alisema, "watoto wanaona shimo."

Mwaka huu direkta wa shule akamwita. Watoto wa mwaka uliopita walianguka kwenye mtihani wa mwisho, na walianguka palepale, kwenye problemu. Inspekta atakuja baada ya wiki mbili, atakaa nyuma ya la sita, atasikiliza somo moja la problemu. Somo likiharibika, Yaya atarudishwa la kwanza na la sita atapewa mwalimu mwingine.

Aliniambia hayo tukiwa tunatwanga sombe. Hakulia. Alitwanga tu, mpaka yale majani ya muhogo yakawa laini kuliko inavyotakiwa.

"Yaya, kuna kintu iko kwa simu," nikamwambia. "Ni ya walimu. Wanaonyesha namna ya kuuliza."

"Wanaomba nini?"

"Hawaombi kintu. Ni ya bule."

"Kintu ya bule ni ya bule tu."

Unajua lile neno letu lina nyuso mbili: kisicholipiwa ni cha bure na kisichofaa ni cha bure vilevile. Yaya hajawahi kuona sababu ya kuzitenganisha.

"Na ile hewa unavuta, ulinunua wapi?" nikamuuliza.

"Weye na mudomo yako. Leta nione."

Tukakaa mlangoni, mchana, mvua ikinyesha. Rezo, yaani mtandao wa simu, ilikuja ikaondoka kama mgeni mwenye haya. Ukurasa ulikuwa wa Kiingereza, lugha ambayo katika nyumba yetu haijawahi kuingia hata kuomba moto. Lakini simu inajua kugeuza. Niliiambia Kiswahili, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili cha pwani kabisa, kilichopigwa pasi, kila neno limefunga vifungo vyake. Nilikipenda mara moja. Nilikisoma kwa sauti, na Yaya akafunika mdomo kwa kitenge akicheka, akasema nimekuwa sultani.

"Hadithi tuiache hivyo, Kiswahili," akaamua. "Mahesabu wataandika Kifaransa kama siku zote. Hadithi ikiwa Kifaransa wanabaki kwa maneno, hawafiki kwa namba."

Tulisoma maswali mengi. Mengine aliyakataa kwa kope tu. Kisha tukafika kwenye moja lililohusu gololi, nami nikazigeuza machungwa kwa sababu watoto wa huku machungwa wanayajua vizuri zaidi. Ikawa hivi: Mama mmoja ana machungwa, hayafiki mia. Akiyapanga mafungu ya matatu-matatu, yanabaki mawili. Akiyapanga mafungu ya matano-matano, yanabaki matatu. Ana machungwa mangapi?

"Iko wangapi?" Yaya akauliza.

"Tafuta."

Akanitazama kama nimemtukana, halafu akachukua kalamu. Alianza kwa namba ndogo, akipanga vidoti kwenye karatasi. Akakwama, akapata nane, akainua macho. "Nane." Nikamwambia wanasema ziko nyingine. Akarudi. Mvua iliposimama alikuwa na saba: nane, ishirini na tatu, thelathini na nane, hamsini na tatu, sitini na nane, themanini na tatu, tisini na nane. Akaziandika kwa mwandiko wake mzuri kwenye karatasi ya maandalizi ya somo, ile walimu wetu wanaiita fishi. Majibu saba, yamefungwa, yamepigwa mstari chini. Akashusha pumzi. Alikuwa na jibu. Sasa angeweza kuuliza.

Kazi ya kunakili ilikuwa yangu. Nilitengeneza karatasi nane kwa mkono, moja kwa kila kundi la watoto, na kwenye kona ya kila moja nikachora chungwa lenye jani. Zilipendeza. Mstari wa mwisho niliuacha kama simu ilivyouleta, kwa sababu ulikuwa na heshima: Toa majibu yote.

Siku yenyewe nilizipeleka karatasi shuleni na sikuondoka. Darasa la sita liko mwisho wa jengo na madirisha yake hayana vioo, ni matundu tu kwenye ukuta, kwa hiyo nilisimama nje nikajifanya nasubiri mtu. Inspekta alikuwa mzee mnene mwenye koti, amekaa kwenye dawati la nyuma, magoti yamepanda karibu na kidevu. Yaya alikuwa na rinda la buluu. Aliuliza, watoto waliitika. Aligawa karatasi. Wakainama, vichwa vitano kwa karatasi moja, na darasa likaanza kutoa ile sauti ya nyuki ambayo mimi naipenda kuliko nyimbo. Nikafumba macho. Niliona machungwa yanabingirika yenyewe, yanajipanga matatu-matatu kwenye njia za msituni.

Nilifungua macho niliposikia kimya.

"Kundi la kwanza," Yaya alikuwa amesema, "mulipata nini?"

Akasimama binti mrefu mwenye nywele nilizomsuka mwenyewe. "Madamu, kumi na tano."

"Kumi na tano nini?"

"Jibu, Madamu."

Kumi na tano haimo katika zile saba. Kumi na tano ukipanga matatu-matatu hakibaki kitu.

"Kundi la pili?"

"Kumi na tano, Madamu."

"La tatu?"

"Sisi imekataa," akasema kijana mmoja aliyevaa shati la kaka yake. "Tulianza na makumi kenda na munane. Tukatoa makumi munane na tatu. Inabaki kumi na tano. Sasa kwa kumi na tano tutoe makumi sita na munane? Tutaitoa wapi, Madamu?"

"Munatoa nini?" Yaya akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Majibu, Madamu. Majibu iko saba, tulishapata. Wameandika toa majibu yote. Njo maana tunatoa."

Lazima nieleze hapa, maana msomaji wa mbali anaweza kucheka pasipo kujua anacheka nini. Kwetu jibu halitolewi. Jibu linaletwa, au linapanwa, ndivyo tunavyosema kupewa. Neno toa, kwa mtoto wa shule wa Kindu, ni mojawapo ya zile kazi nne, na amelijua tangu la kwanza. Nusu ya watoto wale walifundishwa na Yaya mwenyewe, wakipunguza vijiti mezani. Ile simu yenye Kiswahili cha pasi ilikuwa inawaomba watoe majibu kama mtu anavyotoa zawadi. Wao walitii kwa njia wanayoijua: wakayapata majibu yote saba, kisha wakaanza kuyapunguza, moja ndani ya lingine. Mimi ndiye niliyeandika. Yaya alisoma mara kumi na hakuona, kwa sababu jicho lake lilikuwa kwenye machungwa.

Nilitaka kuingia kwa dirisha niseme, ni mimi, nirudisheni mimi la kwanza.

Inspekta alikuwa ameinua kichwa. "Madamu," akasema kutoka nyuma, bila ukali, "nani aliwaambia kutoa?"

Yaya alitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake. Niliona anapofika kwenye mstari wa mwisho, na niliona anapouelewa. Alinitazama pale dirishani, muda mfupi sana, kama mtu anayepima kama mvua itanyesha.

"Ni karatasi yangu, Bwana inspekta," akasema. "Imeandikwa vile."

Kalamu ya inspekta ikashuka kwenye daftari lake. Sasa, nilifikiri, Yaya atafuta ubao. Atawaambia watoto wamekosea, ataandika zile saba, atapiga mstari chini, na wataikariri. Alichukua hata kile kitambaa cha kufutia. Lakini kule mbele watoto walikuwa wameshaanza vita vyao.

"Mulianza vibaya," yule binti alikuwa anamwambia kijana wa shati kubwa. "Weye unatoa kama muntu anaruka mto. Utoe jirani kwa jirani."

"Jirani gani?"

"Makumi kenda na munane na jirani yake. Halafu ule na jirani yake. Usiruke."

"Tuliona," akasema mwingine kutoka kundi la tano. "Kila nafasi ni kumi na tano. Hata chini kabisa. Makumi mbili na tatu, toa nane. Kumi na tano."

"Hata yetu."

"Hata yetu, Madamu."

Yaya alisimama na kitambaa mkononi. Fishi yake ilikuwa mezani, majibu saba yamepigwa mstari, na hakuna mahali popote juu yake palipoandikwa kumi na tano. Kisha akaweka kitambaa chini na akauliza, na mimi najua kwa hakika kwamba alikuwa hajui:

"Kwa nini kumi na tano?"

Kuku alipita mlangoni, akachungulia, akaenda zake. Inspekta aliacha kuandika. Yaya hakusaidia. Alisimama tu ndani ya shimo lake, mbele ya watoto wote.

"Tatu mara tano," akasema kijana wa shati kubwa, taratibu, kama anajisemea.

"Na hiyo inafanya nini?" Yaya akauliza.

"Sijui, Madamu. Lakini ni kumi na tano."

"Mimi najua," binti akasema, na hakusubiri ruhusa. Alienda ubaoni, akachora machungwa nane, akazungushia mafungu, yakabaki ya kubaki. "Huyu mama yuko na nane. Unamuletea kumi na tano ingine. Kumi na tano inaingia yote kwa mafungu ya tatu, mafungu tano, hakuna inayobaki. Inaingia yote kwa mafungu ya tano, mafungu tatu, hakuna inayobaki. Basi zile zilibaki mbele, hazina habari. Zinalala tu pale. Hazijui kama kuna machungwa imeongezeka."

"Na ukimuletea kumi?" Yaya akauliza haraka, karibu kwa pupa.

"Kumi itaharibu mafungu ya tatu, Madamu. Zile zinabaki zitaamka."

Darasa likacheka, na Yaya akacheka pia, hajijui. Niligundua nimeshika ukuta kwa mikono yote miwili.

Walipotoka kwenda kucheza, inspekta alibaki kwenye dawati lake, labda kwa sababu kunyanyuka kulikuwa kazi. Nilimsikia vizuri. "Madamu, fishi yako na somo lako hazijuani," alisema. "Hazijawahi hata kusalimiana."

"Ndiyo, Bwana inspekta."

"Nitaandika hivyo. Lazima niandike."

"Ndiyo."

Halafu wakaenda wote wawili kwa direkta, na mlango ukafungwa.

Nilirudi nyumbani. Mteja wangu wa mchana huo nilimsuka mistari iliyopinda na sikumtoza kitu. Rezo ilipokuja nilifungua tena ule ukurasa, na safari hii nilikwenda kwenye sehemu ya mwalimu, ambayo ile siku ya mvua hatukufika. Nikaiambia simu igeuze. Ilisema: watoto wakishapata majibu, usiwapongeze haraka. Waulize wanaona nini kati ya jibu na jibu. Niliisoma mara tatu. Mtu fulani ambaye sitamwona, aliyekaa kwenye chumba nisichojua kina dirisha gani, alikuwa amekusudia tufike palepale, kwa njia ya lami. Sisi tukafika kwa njia ya majani. Nilijaribu kumwotea sura. Nilimpa miwani, nikamwondolea. Mwishowe nilimwacha bila sura, na chungwa mkononi.

Yaya alikuja jua likiwa bado juu ya paa la jirani. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka mahali wateja wanapokaa. Nilimngoja. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, mengine ya pwani kabisa.

"Nimebaki," akasema.

"La sita?"

"La sita. Mpaka mwisho wa mwaka, na atarudi kuniona tena. Na amesema ule aliyeandika karatasi ajifunze kuandika."

"Yaya, mimi—"

"Nyamaza kwanza." Alikuwa anatazama mahali ambapo mimi sikupaona. "Kama mafungu ni ya tatu na ya saba. Itakuwa makumi mbili na moja?"

Sikuelewa mara moja kwamba ananiuliza. Yaya huwa haniulizi, hunielekeza. Nikaleta kalamu. Tukampa yule mama machungwa mapya: matatu-matatu abakize moja, saba-saba abakize mawili. Tukapata kumi na sita. Tukapata thelathini na saba. Tukapata hamsini na nane. Yaya akatoa jirani kwa jirani, midomo ikisogea. Ishirini na moja, ishirini na moja.

"Njo vile," akasema, na akapiga goti langu. "Sasa leta ine na sita. Itakuwa makumi mbili na ine."

Tukaandika: manne-manne abakize moja, sita-sita abakize moja. Kumi na tatu. Ishirini na tano. Thelathini na saba. Yaya akatoa, akatoa tena. Kumi na mbili. Tukaanza upya kwa vidoti, mafungu yote, na ile kumi na mbili ilikaa pale haitikisiki, nusu ya ile tuliyoitaka.

"Tumekosea," nikasema.

"Hapana. Hesabu iko sawa." Aliinamia karatasi mpaka nywele zake zikagusa. Upande mmoja zilikuwa zimefumuka, na nilianza kuzisuka bila kufikiri, kwa kuwa kichwa kilikuwa pale. "Tatu na tano inakubali. Tatu na saba inakubali. Ine na sita inakataa. Kwa nini?"

"Sijui, Yaya. Na weye?"

"Hata mimi."

Alisema hivyo kama mtu anayesema ameshiba. Nikaichukua simu. Rezo ilikuwapo, mistari mitatu mizima. "Niiulize?"

"Acha." Akafungua daftari la maandalizi, akaandika tarehe ya siku inayofuata, akaandika swali lote, manne-manne na sita-sita, kwa mwandiko wake mzuri. Chini yake akaruka mistari mitano, yote mitupu, akafunga daftari na kuliweka mapajani.

"Kesho nitawauliza watoto," akasema. "Na usinivute sana hapo nyuma, inauma."